Mkono wa Kisu

Usiku mkono wa kulia hutangulia kuamka,
umejaa sisimizi. Nauning'iniza nje ya kitanda,
naukung'uta kama kipimajoto.

Miaka kumi na mmoja, Chapecó, kiwanda cha kuku:
mapaja manne kwa dakika, mfupa nje,
baridi mpaka kwenye kucha.
Sasa kifuniko cha chupa ya kahawa kinanishinda.

Bima wanasema subiri.
Daktari wao yuko likizo.
Faili limehamia Florianópolis, halijulikani lini litarudi.
Leo imekuja fomu nyingine, kurasa sita,
nijaze kwa mwandiko wangu mwenyewe.

Jussara, binti yangu, akachukua kalamu.
"Mama, wanauliza maumivu yalianza lini."

Andika:
mlikuwa mezani,
mnakula.