Kabla ya Msimu

Kompyuta yangu ina ramu nne
na feni inayokoroma kama mashine ya kupulizia salfa.
Nimeitandikia gunia tupu ghalani kwa chama, Tandahimba.
Msimu haujafunguliwa, mizani imefunikwa turubai,
na mimi, karani, nina wiki tatu za kuchagua.

Hamdani, binamu yangu wa Dar, kasema React Native.
"JavaScript si unaijua?"
Naijua kama ninavyomjua mjomba wa Newala:
tunasalimiana msibani.
Mwanawima wa Mikindani akanitumia sauti ya dakika mbili,
nusu yake kicheko:
"Flutter, shoga. Dart utaimeza kwa wiki."
Na yupo wa tatu, sikumwomba ushauri,
aliyesema Kotlin, kisha akaniletea bei ya kozi.

Wote wanaahidi jambo lilelile:
andika mara moja, ikae kwenye simu zote.
Hilo nalielewa. Naliendele wanabebesha mikorosho:
shina moja, kikonyo cha mti mwingine,
utepe wa plastiki, subiri.
Lakini hata fundi wa kubebesha atakwambia
vipo vikonyo vinavyokauka
na hutajua kwa nini.

Nikanunua bando la usiku, nikapakua zote mbili.
Ya kwanza ilimwaga mafaili madogo madogo
kama kumbikumbi baada ya mvua.
Ya pili ilikuja nzito, kipande kimoja,
ikafika asilimia tisini na nne,
umeme ukakatika.

Gizani nikawasha tochi ya simu,
nikafungua daftari la mwaka jana
nikawahesabu wakulima kwa simu zao.
Mia mbili na kumi na wawili.
Sabini na mmoja wana za kupangusa, nyingi zina ufa.
iPhone moja, ya mtoto wa mwenyekiti,
na hiyo, nimesoma, haitaonja kazi yangu
mpaka nipate kompyuta ya Mac,
niandike mara moja, niandike mara mia.
Waliobaki, kitochi.
Bi Somoe Nang'anga, kilo elfu moja mia nne na sita:
kitochi, kimefungwa kwa mpira ili betri isidondoke.

Nikacheka peke yangu.
Tunagombania vikonyo,
shamba lenyewe sijalipima.

Saa tisa umeme ukarudi.
Nikamalizia zile asilimia sita.
Si kwamba Flutter ndiyo bora.
Ilikuwa imebaki kidogo.

Dart inadai nuktamkato kila mwisho wa mstari
kama afisa ushirika na muhuri wake. Sawa, nikagonga.
Nikaandika: Kilo 0.
Nikafuta sifuri, nikaweka 1406,
na kioo kikageuka palepale, sikuzima, sikuwasha,
jogoo wa jirani hajawika bado.

Kwa kitochi cha Bi Somoe
itabidi nitafute njia ya meseji.
Hiyo
hakuna aliyenipigia simu kunibishia.