Viwiliwili

Kanzu ukiitundika ukutani hubaki kanzu,
lakini gwanda la askari kwenye msumari
hulegea mabega kama mtu aliyekwisha kukiri kosa.
Ndipo nikaamua kuyaundia miili.

Kibokoni, ghorofa ya juu, chumba cha cherehani:
gundi ya unga wa ngano yatokota
juu ya jiko alilolitaka Mwanasiti kwa mahamri yake;
magazeti ya miaka mitatu, waya wa kuku,
sponji ya godoro alilofia shemeji yangu
(nimeifua mara mbili),
na mabomba ya plastiki kutoka kwa fundi Nzai
aliyeuliza, "Choo kipya?"
Nikamwambia, "Hapana. Miguu."

Wa kwanza nilimkosea.
Nilimkata kwa kipimo changu, mie niliyelelewa na wali wa nazi.
Gwanda likagoma kwapani,
kifungo cha shaba kikaruka, kikagonga kioo,
kikajificha chini ya kabati siku mbili.

Hili ndilo nililolipata Kongowea
ndani ya bunda la makoti ya kike,
shilingi mia tatu na hamsini;
muuzaji alidhani ni la bawabu wa benki.

Nikamjaribu jirani, Shebwana, kuli wa bandarini: bega likazidi.
Nikamjaribu mwanawe wa kwanza: kiuno kikazidi.
Nikaketi, futi shingoni, nikapima upya nguo yenyewe.
Kifua, inchi thelathini na moja.
Bega kwa bega, kumi na nne na nusu.

Akaingia Feswali, mjukuu wangu, katoka shule,
jasho la mpira limemkaukia shingoni.
"Simama hapa. Usicheke."
Nikamvika fulana kuukuu, nikamzungushia utepe wa kunata,
tumbo, kifua, mabega, tabaka juu ya tabaka,
hata akawa kifukofuko kinacholalamikia joto.
Nikamchana mgongoni kwa mkasi, taratibu.
Akatoka, akaenda kuoga.
Ganda lake likabaki limesimama, bado lina vuguvugu.

Nikalishindilia makumbi. Nikalivika gwanda.
Likaingia.
Ukosi ukatua, vifungo vyote vikafungika
bila hata kimoja kunung'unika.

Feswali yuko kidato cha kwanza.
Ndevu zake zinahesabika: tatu.

Hapo tu, nguo ilipojaa, ndipo nilipokiona
chini ya kwapa la kushoto kitundu kilichozibwa
kwa mshono wa kofia, ule wa vito,
duara dogo lililozungushwa kwa subira.
Cherehani ya jeshi haiujui mshono huo.
Kuna aliyelipakata gwanda hili, akaulowesha uzi kwa mate,
akashona huku mwenyewe akingoja, kifua wazi.
Ndani ya ukosi mna namba.
Jina hamna.

Mwanasiti akapanda ngazi, akasimama mlangoni:
"Miguu nimevumilia, vifua nimevumilia.
Ukitia vichwa, malaika watahama, nami nitawafuata,
nihamie Tudor kwa dada yangu."
Sikumbishia.
Uso ningemtilia wa nani?

Kofia nimeining'iniza kwa uzi wa mshipi kutoka darini,
kimo cha Feswali, na vidole viwili juu yake.
Dirisha likiwa wazi huzunguka polepole
kama mtu aliyeitwa asijue ni upande gani.

Sasa wamefika tisa.
Kila Ijumaa nawapangusa chumvi ya bahari vifungoni,
nawatia nafutalini mifukoni,
nawaomba radhi nikiwapita kwa ubavu, maana chumba kimebana.

Juzi, Idi ikikaribia, nilimpima Feswali shati.
Thelathini na tatu na robo. Mkono umerefuka.
Akauliza mbona natazama kule.
Nikamwambia geuka, nipime mgongo,
nikaandika daftarini,
chaki ikanianguka.