Kopo la Mama

Mwalimu Zihalirwa alisema: kesho
kila mtu aje na kipimo cha kwao.
Nikabeba kopo la maziwa ya unga,
lile la mama la kupimia maharagwe sokoni Kadutu,
nembo imefutika kwa viganja,
ukingo unang'aa kama pete.

Mizani tuliiazima zahanati,
ile ya kuning'inizia watoto wachanga.
Matundu ya miguu tukayaziba kwa soksi za Mugisho,
tukamimina maharagwe,
yakaning'inia pale, mazito, hayalii.

Makopo manne ya Mama Cishugi: kilo tatu.
Manane, sita. Kumi na mawili, tisa.
"Mnaona? Ukizidisha huku, na huku kunazidi vilevile.
Gawanyeni popote, jibu ni lilelile.
Na asiyenunua kitu habebi kitu:
mstari lazima upite kwenye sifuri."

Kisha kopo letu.
Manne: kilo mbili na gramu mia nane.
Akagonga mizani kwa ukucha, akapima tena.
Mbili na mia nane.
Manane: tano na mia sita.
Lilikuwa tiifu, kopo letu,
halikuyumba hata mara moja.

Mistari miwili ubaoni
ilitoka mlango mmoja pale sifuri
kama majirani waendao sokoni alfajiri,
halafu kila hatua ikawatenga kidogo zaidi,
hadi kwenye makopo ishirini
kati yao pakawa na kilo nzima.

Mugisho akapindua kopo.
Tako lilikuwa limebonyezwa ndani,
taratibu, kwa nyundo, kwa mkono wenye subira.

Mwalimu hakutaja jina.
Alifuta ubao kabla ya kengele.
Yeye hununua kwetu, kopo moja kila Jumamosi,
mara nyingi kwa mkopo.

Nilipanda kilima na kopo ndani ya sweta.
Mama alikuwa akichambua mawe.
Sikuuliza. Nililiweka mbele yake, tako juu.
Akaliangalia kama ndugu aliyelewa mbele ya wageni.
"Gunia limeandikwa mia," akasema.
"Siku moja nililipia mizani kule bandarini.
Tisini na tatu na kitu.
Na aliyeniuzia ana vizuizi vitatu njiani,
kila kimoja na mkono wake."
Akarudi kwenye mawe.

Usiku, kwa mwanga wa simu, nikapiga hesabu.
Kumi na nne kwa kumi na tano.
Tisini na tatu na kitu kwa mia.
Ilikuwa ileile.
Mama, aliyeacha shule mwaka wa tatu,
aliigonga ile hesabu hadi ikalingana,
akasimamisha nyundo hapo hapo,
hakujiongezea hata punje.
Nilitaka kujivuna, nilitaka kuona haya,
sikujua kila kimoja nikipe makopo mangapi.

Jumamosi akaja Mwalimu. Kopo moja.
Mama akalijaza, akasawazisha kwa kidole,
akamimina mfukoni mwake,
kisha akachota ukufi mmoja, akaongeza.
Aliyefuata alichukua makopo kumi ya mgahawa:
ukufi mmoja, uleule.
Mjane wa fundi viatu, kopo moja:
ukufi mmoja.

"Leo matabishi?" Mama Cishugi akauliza toka meza ya pili.
Mama hakujibu. Mkono tu ulikuwa ukifanya kazi.

Nikaenda zahanati kuupima.
Kufi kumi, nusu kilo.
Nikachora mstari mpya daftarini.
Penye kopo moja uligusa mstari wa Mama Cishugi,
ukautoka, ukashuka chini yake kwa wanunuzi wakubwa.
Na kwenye sifuri haukupita tena.
Ulianzia juu kidogo,
pale ambapo mtu hajanunua kitu
na tayari kuna kitu kiganjani mwake.

"Huu si uwiano," Mwalimu aliandika pembeni
kwa wino mwekundu.
Alama ya kosa hakuweka.