Robo Eka Ndani ya Kijiko

Kwetu Maji ya Chai hatukosi maji.
Mto upo, bomba lipo, Meru haina uchoyo.
Tunachokosa ni kicheko:
mama yangu, Ndetaniswa, hucheka kiganja kikiwa mdomoni,
na katika picha ya harusi yake
midomo imefungwa kama bahasha ya mahakama.

Mimi naunguza magunzi.
Shahada mbili, na jirani akiniuliza kazi
namjibu: nachoma makaa, ila siuzi.
Magunzi, na maganda ya kahawa kutoka Akheri,
ndani ya tanuri lililonyimwa hewa, nyuzi mia saba,
mpaka libaki lile jeusi lisilo na zaidi la kuungua.
Nasaga. Naosha kwa asidi. Nasaga tena.
Unywele mmoja wa mwanangu, ukiupasua mara elfu themanini,
ndipo mahali petu pa kazi,
pale jicho lilipokwisha kuaga.

Gramu moja ya weusi huo,
ukivikunjua vitundu vyake vyote,
ni robo eka.
Robo eka! Kaka zangu wako baraza la kata mwaka wa sita
kwa robo eka ya migomba,
nami ninayo hapa, kwenye ncha ya kijiko,
nikipiga chafya imekwenda na hati yake.

Rangi ya mto ilinasa siku ya kwanza.
Harufu, ya pili.
Floraidi ilipita.
Ikapita tena, bila hodi,
kama shemeji anayejua jiko liko wapi.
Miezi kumi na minne. Daftari tatu.
Mwishowe nikaipaka kaboni alumini,
kama mtoto apakavyo ulimbo tawini, akajificha.

Alhamisi mita ikasoma:
tisa nukta mbili kuingia,
moja nukta nne kutoka.
Nikaifuta elektrodi, nikasoma upya.
Moja nukta nne.
Nikanywa funda moja. Halikuwa na ladha ya chochote.
Nikalia.

Nyumbani Anaeli alinipokea mlangoni, miaka saba,
anasukuma kwa ulimi jino jipya la mbele.
"Mama, limetoka!"
Limetoka.
Nalo lina mstari wa kahawia,
maana jino huandikwa gizani, ndani ya ufizi,
miaka mingi kabla ya kuonyeshwa watu,
na maji yaliyoliandika niliyachota mimi.

Chupa ya Alhamisi nimeiweka juu ya kabati.
Sijapima kama alumini inavuja.
Elisaria, ufizi mtupu, anainyoshea mikono.
Jumatatu, mwanangu. Leo tunanunua dukani.

Kaka yake anacheka, kinywa wazi, jino mbele.
Kiganja chake
bado hakijajifunza njia.