Lami na Sufi

Nyumba hii hailali mvua ikinyesha.
Kila tundu la msumari lina jina:
la ukumbini ni Tone,
la chumba cha mama ni Bi Saa
kwa vile hudondoka kwa kuhesabu,
na la jikoni hatulitaji,
maana lilituzimia jiko siku ya arubaini ya baba.

Masika yamekwenda, yametuachia ukungu ukutani.
Kipupwe ki njiani.
Watu wa bara hutucheka, "Baridi gani, ya Mombasa?"
Hawajalala Guraya mwezi wa saba,
kusi ikipenya baina ya bati na ukuta
ikikutafuta kisigino.

Basi nimejifunga leso kiunoni.
Godoro la sufi nimelifumua mshono,
nimelimwaga uani juu ya jamvi,
miaka minne ya migongo yetu imeganda mle madonge madonge.
Nachambua, sufi inaruka,
paka ameshikwa masharubu,
kapiga chafya kama mtu.

Mablanketi yametoka sandukuni na harufu ya kafuri.
Chumvi nimeitia punje za mchele isilie.
Mlango wa uani, ambao kila mwaka huvimba kama aliyenuna,
nimeupiga randa ya marehemu
hata ukakubali kufungika bila teke.

Fundi Mwachiti alikula mia tano, akasema kesho.
Kesho ya fundi haina tarehe.
Nimepanda mwenyewe, na miaka hamsini na mitatu,
kopo la lami mkononi,
ngazi kaishika mjukuu wangu Twalib:
"Bibi, usitazame chini!"
Naye anatazama simu.

Kwenye mfereji wa bati kunguru wamejenga.
Si kwa nyasi. Kwa nyaya,
henga mbili, mkono wa miwani,
kifuniko cha wanja,
na katikati, kimenigeuzia tumbo linalong'aa,
kijiko.

Kijiko changu cha kumi na mbili.
Cha seti ya mama, chenye ua kwenye mpini.

Nilikaa. Bati linaunguza hata kwenye wingu,
lakini nilikaa.

Mwaka jana, mwezi kama huu,
nilisimama mlangoni kwa Chelagat, mpangaji wangu,
wenzake ukumbini wakijifanya wanapeta mchele,
nikasema neno.
Neno lenyewe siliandiki hapa.
Alikuwa akifua. Akalikamua shati,
akalikung'uta, akalianika, akatia vibanio viwili,
ndipo akasema, "Kodi nimelipa, Mama Saumu."
Tangu hapo salamu zetu ni kama risiti:
fupi, kila moja na siku yake.

Tone nimemziba.
Bi Saa nimemziba.
La jikoni nimelipaka mara mbili, na kipande cha gunia juu yake.
Kiota sikukigusa tena. Niliona haya
mbele ya kunguru.

Usiku manyunyu yakapita kuijaribu kazi yangu.
Bati likapiga kelele, dari ikanyamaza.
Nikachemsha chai, tangawizi ya kutwanga, pilipili manga,
nikajaza kikombe, nikakitumbukiza kijiko,
nikamtuma Twalib mlango wa tatu.

"Nimwambie nini?"
Niliitafuta ile sentensi tangu darini hadi jikoni.
"Mwambie baridi imeingia."

Asubuhi kikombe kilikuwa kizingitini,
kimeoshwa, kimefunikwa kisahani.
Kijiko hakikurudi.

Sikuuliza.
Nikatia uzi sindanoni, nikalishona godoro.