Herufi Isiyosemwa

Kamusi niliinunua Wete, kwa muuza mitumba,
ilikuwa chini ya rundo la masweta
ambayo Pemba nzima hakuna wa kuyavaa.
Haina jalada. Herufi A imeliwa na mchwa,
kwa hivyo Kiingereza changu mimi
kinaanzia pale mchwa waliposhiba.

Salhina ana mashindano Unguja, mwezi wa pili.
Maneno adimu: maana yake, tahajia yake, namna ya kuyatamka.
Mwalimu Ghanima kampa orodha, kasema, "Baba'ko akusomee."
Baba'ko ndiye mimi, mpima karafuu,
nijuaye Kiingereza cha mizani na magunia.

Baada ya isha umeme hukatika.
Namulika kwa simu, nasoma kama nilivyofunzwa kusoma,
kila herufi na haki yake.
"Vi-ki-tu-a-li-si."
Anajifunika ushungi asinicheke usoni.
"Vitoz, baba."
"Na herufi hizi nyengine?"
"Zipo tu."
"Maana yake?"
"Vyakula vya safari."
Masurufu! Neno la bibi yangu hilo,
toka tulipomzika sijalisikia kinywani mwa mtu,
leo limerudi kwa mlango wa Waingereza.

"Ku-a-yi."
"Kii, baba. Kama ufunguo. Maana yake gati."
Miaka kumi na tisa nashusha magunia pale,
hakuna aliyeniambia kuwa nimesimama juu ya ufunguo.

Na luteni wao wanamwita leftenanti.
"Hiyo efu imetoka wapi? Mbona siioni?"
"Haimo, ila inasemwa."
Nikasema basi hilo ni neno la kwetu Limbani,
huku mambo mengi hayamo, ila yanasemwa.
Tulicheka mpaka mama akagonga ukuta.

Kisha tukafika I.
"I-sa-la-ndi."
Safari hii hakucheka, alikuwa amechoka.
"Ailandi. Esi haisemwi."
"Basi imewekwa ya nini?"
Mwalimu Ghanima kawaeleza: zamani wasomi walidhani
neno hilo lina nasaba na Kilatini,
wakalipachika esi,
kama mtu anavyojipachika ukoo wa watu.
Nasaba yenyewe haikuwepo.
Ila mikono ilikuwa imekwisha kuizoea.
"Maana yake kisiwa," akaongeza,
kana kwamba sijui ninapokaa.

Nikaizima simu. Nikasema chaji inakwisha.

Kaka'ngu Faki alikwenda Mombasa kwa wiki mbili,
mwaka ule wa bei mbaya, Salhina hajazaliwa.
Katika daftari la sheha yumo,
kati ya jina langu na la Zuwena, wino umepauka.
Humu ndani hasemwi.

Huko Unguja Salhina alifika duru ya nne.
Kii aliipita. Vitoz aliipita, ukumbi ukapiga makofi.
Ndipo wakampa neno dogo, la dukani,
ambalo hata mie ningelidhani ni letu: risiti.
Akalitaja herufi kwa herufi bila ya pii.
Sisi tulikopa sauti,
mifupa tukawaachia wenyewe.

Nilimpokea gatini, kwenye ule ufunguo,
ana cheti, ana chupa ya maji ya zawadi, macho mekundu.
"Pii haisemwi! Ningejuaje kama imo?"
Nikampa pole. Sikuwa na zaidi ya hiyo,
nikambebea begi.

Usiku mama alitandika mkeka,
wali, mchuzi wa changu, ndimu.
Sisi ni watano.
Sahani alizoweka, kama alivyoweka jana na juzi, ni sita.
Salhina akazitazama. Sijapata kumwona akizihesabu,
midomo ikicheza bila ya sauti.
Kisha akajisogeza kando,
akaacha nafasi.