Ukurasa Uliochanika

Endel alikuwa fundi matrekta
katika kijiji chetu kando ya ziwa Peipsi,
mtu wa maneno machache na vitunguu vingi.
Alivisuka kama nywele za binti,
akavitundika juu ya jiko la kuni,
na mimi, jirani yake, nilimwendea kila Alhamisi
na mkate mweusi, na Yesu.

Mkate aliupokea.

Mwanzoni nilikwenda kama mdai.
Njiani, buti zikilia juu ya theluji,
nilikariri hoja ya kwanza, hoja ya pili,
na jibu la swali
ambalo hakuniuliza hata siku moja.
Nilimweleza msalaba bila kuvuta pumzi.
Akangoja nimalize,
kama anavyongojwa mtu mwenye kikohozi,
kisha akasema: "Nimekusikia, Helju. Nipe chumvi."

Mwaka wa tatu, au wa nne,
alisema jambo akiwa amenipa mgongo:
baba yake alipakiwa kwenye treni ya Siberia,
na mama akaomba dirishani
majira tisa ya baridi.
"Dirisha bado lipo," akasema. "Lile pale."

Hoja zangu zote zikanywea
kama kuku walionyeshewa.
Nikachukua kisu, nikamenya vitunguu vyake,
na machozi yakapata kisingizio.

Tangu hapo nilijifunza kukaa.
Jina la Bwana sikulificha; nililitaja
kama mtu anavyomtaja mama yake,
bila kupandisha sauti.
Nilimwachia Injili ya Luka, jalada la buluu,
ndogo, ya kutosha mfukoni.
Akaigeuza mkononi kama spea
ya mashine asiyoijua.

Mchungaji Taavi alikuja kutoka Tartu na daftari lake.
"Miaka kumi na mmoja, Helju.
Sikio la kufa halisikii dawa."
Nikamwuliza nani aliyeandika
cheti cha kifo cha sikio lile.
Hakurudi kwenye hoja hiyo. Alikula, akaaga.

Lakini usiku ule mimi nilikesha,
nikimsukuma Endel kuelekea mbinguni
kama trekta bovu kwenye mlima wa barafu,
bega langu, pumzi yangu, uchungu wangu,
mpaka alfajiri nikachoka, nikasema:
Bwana, huyu alikuwa wako
kabla hajawa jirani yangu.
Nikalala hadi saa nne, na ng'ombe hajakamuliwa.

Alifariki mwezi Machi, barafu ikipasuka ziwani
kwa mlio wa milango mikubwa.
Mpwa wake, Maarika, aliniita tuhamishe vyombo.
Tulipoinua meza, tazama:
Luka wangu chini ya mguu mfupi,
amekuwa kabari.

Nilicheka kwanza. Nakiri, nilicheka.
Kisha nikapangusa vumbi, nikafungua,
nikakuta ukurasa mmoja hauko.
Ni pale mnyang'anyi, akining'inia,
anapoomba akumbukwe tu.

Sasa, Endel alisokota tumbaku
kwa karatasi yoyote: gazeti,
kalenda, risiti ya dizeli.
Huenda aliivuta toba ya mwizi yule
jioni moja, akatema moshi dirishani.
Huenda aliikunja mara nne
akaitia katika koti lake la kazini.

Na koti tulimzika nalo.
Hakuna aliyepekua mifuko.

Maarika aliniuliza, "Wewe unaonaje?"
Nikasema sijui,
na neno lile halikuniuma.

Nilimwomba aniachie kile kitabu
pale pale, chini ya mguu.
Meza iliyumba tulipokitoa.

Wapangaji wapya wamefika juzi,
kijana mmoja na mtoto mwenye mafua.
Leo Alhamisi. Mkate bado wa moto.
Sijakariri kitu. Nabisha hodi.